Tusiseme Ni Uzee: Macho ya Wazazi Wetu Isiolo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia macho tukaona kwayo njia ya kwenda msikitini, nyuso za wazazi wetu na herufi za Kitabu Chake. Juma hili tunawaletea wasomaji wetu habari kutoka mbali na pwani, katika mji wa Isiolo, takriban kilomita 280 kaskazini mwa Nairobi. Wengi wetu tuna jamaa walioolewa huko, au tumeupita mji huo tukielekea Marsabit na Moyale. Ni mji wenye Waislamu wengi, Waborana, Wasomali na wengineo, na yanayowapata wazee wake ndiyo yanayowapata wazee wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu.

Ndugu wawili katika nyumba moja

Katika mtaa wa Bula Pesa tulikaribishwa nyumbani kwa watu wakati wa alasiri. Ndani mlikuwa na bibi aliyepita miaka sabini, pamoja na kaka yake anayemzidi umri kidogo. Bibi alikuwa ameketi mkekani, msahafu uko wazi mapajani, lakini hakuwa akiusoma. Alitueleza kuwa ni miaka minne tangu herufi zilipoanza kuingiwa na ukungu, na hatimaye zikapotea kabisa. Hata hivyo, mkono uliozoea kushika msahafu kila baada ya swala ya alasiri haukutaka kuacha desturi yake. Zile sura alizozihifadhi alizisoma kwa moyo, na kitabu kikikaa mapajani kama mwenzake wa siku zote.

Pembeni mwake alikaa mjukuu, msichana wa miaka kumi na mmoja. Ndiye aliyemwongoza bibi kwenda msalani, akamtilia maji ya udhu, akamwonya penye kizingiti. Tulipouliza habari za shule, mama wa msichana aliinamisha uso. Zilikuwapo siku za kwenda, alisema, na siku za kutokwenda.

"Ni uzee," alituambia. "Mwenyezi Mungu ndivyo alivyotaka."

Baadaye mhudumu wa afya aliyepita mtaani alimmulika bibi kwa tochi, akaona mboni zimekuwa nyeupe kama maziwa. Akawaambia watu wa nyumbani kuwa hilo lina tiba. Familia ilisitasita kwa muda, kwa kuwa walikuwa wamesikia ya kwamba daktari huling'oa jicho kwanza ndipo akalirudisha. Mwishowe walikwenda. Jicho moja lilipasuliwa, na kesho yake bandeji ikatolewa. Mtu wa kwanza aliyeonekana na bibi alikuwa yule mjukuu wake. Alimtazama kitambo, kisha akasema: "Kumbe umekuwa mrefu hivi!"

Kaka yake hakupata furaha hiyo. Macho yake yalikuwa meusi na maangavu, hayana weupe wowote, na mtu asiyemjua angedhani anaona vyema. Daktari alipoyachunguza alikuta mishipa ya fahamu inayopeleka picha kwenye ubongo imekwisha kufa karibu yote, kwa ugonjwa unaoitwa glakoma, au presha ya macho. Miaka ya nyuma aliwahi kupewa chupa ya dawa ya matone. Chupa ilipokwisha, kwa kuwa jicho halikumuuma na wala hakuona tofauti yoyote, hakurudi. "Nilidhani nimepona," alituambia. Sasa jicho lake la kulia limebakiwa na upenyo mdogo wa kuona, na dawa anayotumia ni ya kuulinda upenyo huo tu. Kilichopotea hakirudi.

Ndugu hawa wawili waliishi katika nyumba moja, na wote wawili waliambiwa neno lile lile, kuwa ni uzee. Ugonjwa wa mmoja ulivumilia kungoja miaka minne, na wa mwingine haukungoja. Hakuna jirani, mtoto wala jamaa ambaye angeweza kuyatambua magonjwa hayo kwa kuwatazama wazee hawa wakipapasa ukuta. Uchunguzi wa daktari ndio pekee uliobainisha. Hili ndilo tunalotaka kila familia ilichukue kutoka katika ukurasa huu: uzee si jina la ugonjwa wa macho, na mzee asiyeona vizuri ana haki ya kuchunguzwa.

Magonjwa yanayofichwa na neno uzee

La kwanza ni mtoto wa jicho. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, mna lenzi iliyo angavu kama kioo safi. Umri unaposonga lenzi hiyo huanza kufifia, na mtu huona kama anayetazama kupitia kioo chenye mvuke. Taa za usiku humtawanyikia, rangi hukwajuka, na miwani mipya haimfai kwa muda mrefu. Hakuna dawa ya matone, ya kunywa wala ya mitishamba inayouondoa. Tiba yake ni upasuaji: mgonjwa hutiwa ganzi, lenzi iliyoharibika hutolewa, na mahali pake hutiwa lenzi ya kutengenezwa. Jicho lenyewe haling'olewi. Kwa kawaida kazi hiyo haifiki saa moja, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Wala si lazima kungoja mpaka uive, kama wazee walivyokuwa wakisema. Mtu akishindwa kufanya shughuli zake, wakati wa kwenda kwa daktari umefika.

La pili ni glakoma, iliyompata yule kaka. Mara nyingi shinikizo la maji yaliyomo ndani ya jicho huidhuru mishipa ya fahamu polepole. Kuona huanza kupungua pembeni na kuja katikati, pasi na maumivu, hata mtu akafika mbali kabla ya kutambua. Watu wenye asili ya Kiafrika wamo katika hatari zaidi, na ugonjwa huu hupita katika familia. Kwa hiyo mzee mmoja anapogunduliwa nao, ndugu zake na watoto wake nao wapimwe. Dawa yake hutumiwa maisha yote, kama ilivyo dawa ya presha ya damu. Iko pia aina inayokuja ghafla: jicho huwa jekundu, huuma sana pamoja na kichwa, mtu hutapika na kuona duara za rangi kuizunguka taa. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asilazwe kungojea asubuhi.

La tatu ni madhara ya kisukari. Sukari nyingi katika damu huharibu mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho, ambayo huvuja na hata kutoa damu. Mwanzoni mgonjwa haoni tofauti yoyote. Kwa sababu hiyo, mwenye kisukari achunguzwe macho kila mwaka, hata kama anasoma vizuri bila ya miwani.

La nne ni kuchakaa kwa kitovu cha retina, mahali pale pa nyuma ya jicho panapotuwezesha kuona nyuso na kusoma. Mgonjwa huona pembeni lakini katikati pana kiza, na mistari iliyonyooka huonekana imepinda. Uvutaji wa sigara huongeza hatari ya ugonjwa huu, na ya mtoto wa jicho pia.

La tano ni jepesi kuliko yote, nalo humfikia karibu kila mtu: baada ya miaka arubaini macho hupoteza uwezo wa kuona vitu vya karibu. Mama anayeshindwa kutunga uzi katika sindano, au anayeusogeza msahafu mbali ili asome, pengine anahitaji miwani ya kusomea tu. Hata hivyo apimwe kwanza, kwa kuwa chini ya tatizo hili dogo huweza kujificha lile kubwa.

Kwa watu wa Isiolo tunaongeza la sita, ambalo mizizi yake huanzia utotoni na matunda yake machungu huvunwa ukubwani. Trakoma ni maradhi ya kuambukiza, yanayoenezwa kwa mikono, vitambaa na nzi. Yamezoeleka katika kaunti kavu za wafugaji, Isiolo ikiwa miongoni mwao. Mtoto huambukizwa mara kwa mara, makovu hujikusanya ndani ya kope, na miaka mingi baadaye kope hugeukia ndani na nywele zake kukwaruza jicho. Wanawake huumia zaidi kuliko wanaume, kwa sababu wao ndio wanaokaa na watoto wadogo na kuwapangusa nyuso. Kuosha nyuso za watoto kwa maji safi, kutumia choo na kutibiwa mapema huzuia maradhi haya. Kope zilizogeuka hurekebishwa kwa upasuaji mdogo. Mama anayeng'oa kope zake kwa kibanio kila wiki asidhani hayo ndiyo maisha yake.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2019 kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana upungufu wa kuona, na kwamba bilioni 1 kati yao walikuwa na tatizo lililoweza kuzuiwa au ambalo bado halijatibiwa. Yule bibi wa Bula Pesa alikuwa mmoja katika hesabu hiyo.

Subira na dawa

Tunajua maneno yatakayosemwa, kwa kuwa tumeyasikia katika nyumba zetu wenyewe. Husemwa kuwa aliyeondolewa macho akasubiri ameahidiwa malipo makubwa, basi kwa nini tushindane na qadari? Ahadi hiyo ni ya kweli, nasi tunaiamini. Lakini Mtume wetu (SAW) ndiye pia aliyewaamrisha waja wa Mwenyezi Mungu watafute dawa. Subira ni ya mtu aliyefanya alilopewa uwezo wa kulifanya, kisha akaridhia matokeo. Kumwacha mzazi gizani wakati tiba ipo mjini hakuwezi kuitwa subira, hasa pale ambapo anayesubiri ni mzazi na walioamua ni watoto wake.

Dini yetu haikumdharau asiyeona. Abdullahi bin Ummi Maktum (RA), sahaba kipofu, alikuwa mwadhini wa Mtume (SAW), na aliachiwa mji wa Madina katika baadhi ya safari. Kwa ajili yake iliteremshwa Suratu Abasa. Kadhalika, Waislamu waliotutangulia waliyashughulikia macho kwa elimu. Kiasi cha miaka elfu moja iliyopita, tabibu Ammar bin Ali wa Mosul, aliyefanya kazi Misri, aliandika jinsi ya kumfyonza mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu. Lenzi ya kutengenezwa ilitiwa ndani ya jicho la mgonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1949 huko London, kwa mkono wa daktari Harold Ridley. Anayempeleka mama yake kupasuliwa hafanyi jambo geni kwa Uislamu.

Ibada ya mwenye maradhi ya macho

Wazee wengi huacha dawa kwa kuhofia ibada zao, nasi tunalieleza hili kwa ufupi.

Dawa ya matone na saumu: katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu pwani na pia Isiolo, kutia dawa au wanja jichoni hakuvunji saumu. Wapo wanavyuoni wa madhehebu mengine walioona vinginevyo ikiwa ladha ya dawa itafika kooni. Anayetaka kujihadhari anaweza kumwomba daktari ampangie saa za usiku, iwapo dawa yake inakubali. Lakini mgonjwa wa glakoma asiache dawa mwezi mzima wa Ramadhani kwa uamuzi wake mwenyewe.

Udhu na sijda: baada ya upasuaji daktari huweza kukataza maji yasiingie jichoni na kukataza kuinama kwa siku kadhaa. Sheria ina nafasi kwa hayo, kwa kutayamamu kwa ajili ya kiungo kisichoweza kuoshwa, na kwa kuswali kwa kuashiria. Suala hili si jipya. Wanavyuoni wa Kishafi walilijadili zamani, kuhusu mgonjwa wa macho aliyeambiwa na tabibu mwaminifu aswali hali amelala ili atibiwe, na Imam Nawawi ni katika waliosema kuwa inafaa. Imamu wa msikiti wako akueleze namna ya kutekeleza.

Sitara ya mwanamke: kufunua uso mbele ya daktari kwa kiasi cha haja ya matibabu kunaruhusiwa. Aombe kuhudumiwa na mwanamke ikiwezekana, na aandamane na mtu wake. Lakini kukosekana kwa daktari wa kike kusiwe sababu ya mwanamke kupofuka.

Yasiyofaa kutiwa machoni

Katika mitaa yetu jicho linapouma hutiwa maziwa ya mama, utomvu wa majani, asali, au dawa iliyombakia jirani. Vitu hivi huweza kuingiza vijidudu na kuacha kovu katika kioo cha mbele cha jicho. Wengine hununua dawa ya matone dukani bila ya kupimwa. Baadhi ya dawa hizo zina steroidi: jicho hutulia haraka na wekundu hutoka, lakini zikitumiwa kwa muda mrefu bila ya usimamizi huweza zenyewe kuleta glakoma na mtoto wa jicho. Ama wanja, akina mama, tuwe waangalifu na ule usiojulikana umetengenezwa kwa nini, kwa kuwa baadhi ya wanja wa unga una madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto wachanga tunaowapaka.

Umbali na nauli

Kaunti ya Isiolo ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuwa na wakazi 268,002. Maana yake ni kuwa watu ni wachache na njia ni ndefu. Mzee wa Merti au Sericho hafiki hospitali ya rufaa ya kaunti mjini ila kwa safari ya kuchosha, akiwa na mtu wa kumshika mkono, na nauli ya watu wawili kwenda na kurudi. Mara nyingi jambo linalokwamisha ni hilo, wala si woga wa kisu. Na inapobidi kuchagua, fedha chache za nyumbani hutangulia kwa mahitaji mengine, na macho ya bibi hungoja, kwa kuwa bibi mwenyewe husema, "Mimi nimekwisha kuona ya dunia, watazameni watoto."

Tusimkubalie. Yule msichana wa miaka kumi na mmoja alikuwa akilipa kwa siku zake za shule gharama ambayo watu wazima walidhani wameiepuka. Bibi alipopata kuona, watu wawili waliachiliwa huru.

Sisi wa pwani tumeona jinsi huduma inavyobadilisha mambo inapowafuata watu. Kule Kwale, kituo cha macho kilichoanzishwa mwaka 1993 kimewatibu wanavijiji wengi ambao wasingeweza kufika mbali. Nyanda za kaskazini nazo zinastahili vivyo hivyo. Tangu Oktoba 2024 bima ya SHA imechukua nafasi ya NHIF. Kila familia iwasajili wazee wake sasa, na iulize hospitalini ni huduma zipi za macho zinazolipiwa kabla ya kufunga safari.

La kufanya juma hili

Ijumaa hii, baada ya chakula cha mchana, kaeni na wazee wenu. Mwambie mama afunike jicho moja kwa kiganja, bila ya kulibonyeza, aseme anamwona nani mlangoni, kisha afunike la pili. Mtu huweza kuishi miaka na jicho moja lililokufa asijue, kwa kuwa lile jingine limembebea kazi. Mtazameni anavyomimina chai, anavyoshuka ngazi, anavyowatambua watu kwa sauti kabla ya sura. Akiwa na upungufu wowote, apelekwe katika kituo cha afya na kuomba kuelekezwa kwa wahudumu wa macho. Na sisi tuliopita miaka arubaini tusiwatazame wazee tu: tupimwe wenyewe kila mwaka mmoja au miwili.

Vyama vya akina mama, vinavyochangishana kwa zamu kwa ajili ya vyombo na arusi, viweke zamu moja katika mwaka kuwa nauli ya mzee asiyeona. Maimamu nao wakumbushe mimbarini, hasa inapokaribia Alhamisi ya pili ya Oktoba, ambayo ni Siku ya Macho Duniani. Na palipotangazwa kambi ya macho, vijana wenye gari wasingoje kuombwa.

Mara ya mwisho tulipofika katika nyumba ile ya Bula Pesa, mjukuu hakuwapo: alikuwa shuleni. Bibi alikuwa amevaa miwani, amekaa karibu na kaka yake, akimsomea msahafu kwa sauti, naye kaka akifuatisha kwa moyo. Kando yao palikuwa na chupa ya dawa ya matone. Bibi ndiye anayeshika saa yake sasa, na ilipofika alifunga kitabu, akamwambia kaka yake ainue uso, akamtilia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awalipe wanaowahudumia, na atujaalie kuzitumia neema Zake kabla hazijaondoka. Wabillahi tawfiq.